CHAKULA CHA SHAMBANI NA DAMU YA MAMA ZETU

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri ya Chama iliniagiza niseme nanyi leo juu ya dawa za asili na vyakula vifaavyo kwa afya ya wanawake. Nilipoipata barua ya Katibu sikuhitaji kuuliza sababu. Siku za soko, iwe Chwele, Kimilili au Kitale mjini, hamkosi kumwona mtu amesimama na kipaza sauti, mbele yake chupa na vifurushi vya unga wa majani, akinadi kwamba dawa yake moja husawazisha homoni, huyeyusha uvimbe wa tumbo, hurudisha siku za mwezi, huwapa uzazi waliokosa watoto, tena hutia mwili kinga ya kila maradhi. Watu wengi hununua. Wanunuao si wajinga. Ni watu walio wagonjwa kweli, nao wamechoka kuugua.

Wazee wangu mtaniwia radhi, kwa kuwa nitataja mambo ambayo kwa desturi hayatajwi mbele ya baba mkwe. Lakini mmekwisha kusikia hesabu za Mweka Hazina. Fungu lililo kubwa kupita mengine yote ni la mazishi: sanduku, gari, na chakula cha waombolezaji. Sina neno juu ya desturi ya kuzikana, kwani ndiyo iliyotuunganisha tangu mwanzo. Hata hivyo, katika wale tuliowachangia wamo akina mama waliokuwa bado wananyonyesha, na nadhani ni haki kuuliza kama sehemu ya fedha hizo isingeweza kutumika kabla ya kaburi kuchimbwa.

Neno homoni ni geni, lakini kitu chenyewe si kigeni. Ndani ya mwili mna tezi, nyingine shingoni, nyingine chini ya ubongo, nyingine juu ya figo, na kwa mwanamke zimo pia ovari zitoazo mayai ya uzazi. Kila tezi humimina katika damu kitu kidogo mno kilicho kama tarishi achukuaye amri kutoka bomani: kua, pumzika, toa yai, anza hedhi, leta maziwa. Tarishi akichelewa, au akija mara mbili kwa siku moja, kazi huharibika. Basi ni kweli kwamba homoni huweza kuvurugika. Lakini si kweli kwamba kila mwanamke aonaye kizunguzungu ameharibikiwa homoni, wala hakuna mtu awezaye kulijua jambo hilo kwa kumtazama mgonjwa usoni akiwa amesimama nyuma ya meza ya soko.

Sikilizeni vizuri orodha anayoisoma muuzaji: uchovu usiokwisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika mlimani, mikono baridi, kichwa kuuma, nywele kung'oka. Karibu zote hizo ni dalili za upungufu wa damu. Muuguzi hupindua ukope wa chini wa jicho, akaona mahali palipopaswa kuwa pekundu pameparara, naye hujua njia ya kuanzia. Kisha huchukua tone la damu kidoleni. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya gramu 12 za hemoglobini katika desilita moja ya damu, au mwenye mimba akiwa chini ya 11, huyo amepungukiwa.

Damu hupata wekundu wake na nguvu zake kwa madini ya chuma. Mwanamume hupoteza chuma kidogo sana. Mwanamke hupoteza kila mwezi, na mimba ikiingia mtoto hujichukulia chake bila kuomba ruhusa. Wataalamu wa Marekani huhesabu kwamba mwanamume mzima atosheka kwa miligramu 8 za chuma kwa siku, mwanamke wa umri wa kuzaa ahitaji 18, na mwenye mimba 27. Sasa linganisheni hesabu hiyo na jinsi tunavyogawa nyama mezani.

Na hapa ndipo penye mauti. Mama aliye na damu ya kutosha akivuja wakati wa kujifungua ana akiba. Mwenzake aliyepungukiwa hana. Kiasi kile kile cha damu kimlegezacho mmoja humwua wa pili. Watu husema, "Alikufa ghafula." Hakufa ghafula. Alikuwa akipungua miezi tisa, na pengine miaka tisa, sisi tukimpa pole kwa uchovu.

Jambo hili lilichunguzwa zamani, nami napenda kuwasimulia kisa kimoja kwa kuwa kinahusu majani. Mwaka 1928 daktari mmoja wa kike, Mwingereza, jina lake Lucy Wills, alikwenda Bombay huko Bara Hindi kuchunguza kwa nini wanawake wa viwanda vya nguo, hasa maskini, walipopata mimba walipungukiwa na damu hata wengine wakafa. Hakuona kijidudu. Aliona kwamba chakula chao kilikuwa duni. Akawapa kitu cha bei rahisi kilichotengenezwa kwa hamira, Marmite, ambacho Waingereza hupaka katika mkate, nao wakapona. Aliandika habari hizo mwaka 1931, ingawa hakujua bado ni nini hasa ndani ya kitu kile kilichoponya. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wataalamu wa kemia huko Marekani walikisaga kiasi kikubwa cha spinachi, tani kadhaa, wakapata ndani yake chembechembe za dutu waliyoipa jina la asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Ndiyo hiyo itiwayo leo pamoja na chuma katika kile kidonge cha wajawazito kitolewacho kliniki. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia kwamba hospitali hudharau majani, mjibuni kwamba jani limo ndani ya kidonge na jina lake limeandikwa juu ya kopo.

Bibi zetu hawakujua Kilatini. Lakini tazameni bustani zao: saga, managu, mrenda, mchicha, majani ya kunde, seveve ya maboga, nderema ikitambaa juu ya ua, na mito, ambayo Wabukusu huiita kimiro. Mboga hizo zina asidi ya foliki, zina vitamini A isaidiayo macho na ngozi na kinga ya mwili, zina chuma na kalsiamu. Kulikuwa na wakati zilipodharauliwa kama magugu au chakula cha mtu asiye na kitu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, amezichunguza kwa miaka mingi, naye ni miongoni mwa walioziinua hata leo zauzwa mijini kwa fahari.

Zilitoka vipi bustanini mwetu? Yatupasa kukumbuka. Katika mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia kibarua alipewa posho ya unga wa mahindi, na neno hilo limebaki katika kinu cha posho mpaka leo. Halafu, mwaka 1964, ikatoka Kitale mbegu bora ya mahindi, ile 611, na kwa haki ikapendwa. Sisemi neno baya juu ya mahindi; yametusomeshea watoto. Upande wa Bungoma, Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975, na miwa ikafika mpaka kizingitini. Shamba la mahindi na la miwa lilikuwa la baba, na fedha zake hali kadhalika. Bustani ya mama ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka ikawa kipande nyuma ya choo. Wimbi nalo likarudi nyuma, nalo ni nafaka yenye kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, na mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya hiyo.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji wa unga wa pakiti kuutia chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini. Ni sheria njema. Lakini angalieni inamfikia nani. Anayenunua pakiti dukani Nairobi huipata faida hiyo; sisi tulimao mahindi yenyewe, tukayapeleka kwa debe kwenye kinu cha jirani, hatuipati. Mlimaji ameachwa nje. Kwa hiyo twalazimika kurudisha kwa mboga na maharagwe kile ambacho unga wetu hauna.

Sasa niingie jikoni, maana hapo ndipo faida nyingi hupotea. Chuma cha mboga, maharagwe na nafaka huingia mwilini kwa shida, si kama chuma cha nyama na samaki. Kina rafiki na kina adui. Rafiki yake ni vitamini C: nyanya mbichi, limau, chungwa, na pera, ambalo watoto hulichuma njiani bila mtu kulihesabu kuwa chakula. Limau likikamuliwa juu ya maharagwe, au pera likiliwa mara baada ya ugali na saga, chuma kiingiacho mwilini huongezeka sana. Adui yake ni chai. Nasema hivi nikijua ninasema na watu wa Kenya. Kikombe cha chai kikinywewa pamoja na chakula huweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha chakula hicho, na kahawa ya Mlima Elgon hutenda vivyo hivyo. Sisemi tuache chai. Nasema chai na chakula zitengane kwa muda wa saa moja au zaidi, na hasa kwa mwenye mimba. Katika yote nitakayosema leo hakuna lililo rahisi kuliko hili, tena halina gharama hata ya senti moja.

Mboga zisichemshwe mpaka zibadilike rangi kuwa nyeusi, na maji yake kumwagwa mara mbili. Najua managu na saga zina uchungu, na wengi huupunguza kwa maziwa na kuziacha zilale usiku; desturi hiyo ni tamu, nami naipenda, lakini kuchemsha kwenyewe kuwe kwa muda mfupi na maji kidogo. Matunda mabichi ya managu yasiliwe. Uji wa wimbi uliochachushwa ni bora kuliko usiochachushwa, kwa sababu uchachu hufungua madini yaliyofungwa ndani ya nafaka. Hilo bibi zetu walilitenda bila kufundishwa na mtu. Kumbikumbi wa masika, njugu mawe, simsim, omena wa Ziwa Victoria wakiliwa pamoja na vichwa na mifupa yao: hivi vyote ni vyakula vya kutia damu na mifupa, navyo havihitaji jina la dawa.

Wazee wangu, sasa nafika kwenye kuku. Katika sehemu nyingi za Buluhya mwanamke zamani hakula kuku wala mayai, na firigisi mpaka leo ina mwenyewe. Mwiko wa kwanza umelegea, namshukuru Mungu. Ila katika nyumba nyingi mama bado hula mwisho, na kinachobaki mwisho ni shingo na mchuzi. Siombi firigisi. Firigisi kaeni nayo. Naomba ini, kipande kidogo mara moja kwa juma, apewe binti aliyeanza hedhi na mke aliye katika umri wa kuzaa. Mwenye mimba asilile mara nyingi, kwa kuwa ini lina vitamini A nyingi mno, lakini nyama, samaki na yai asinyimwe. Mzee akisema neno hili mara moja mezani kwake, litafanya kazi kuliko hotuba yangu kumi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawalioni. Sokoni huuzwa mawe laini ya udongo, mengine meupe na mengine mekundu, yaitwayo odowa, na wajawazito huyala kwa siri. Wazee wa pwani waliuita safura ule ugonjwa wa kupauka na kuvimba, nao waliona tangu zamani kwamba mwenye safura hutamani udongo. Walikuwa na macho. Tamaa ya udongo mara nyingi ni alama ya kupungukiwa na chuma, lakini udongo hauponyi. Huzuia chuma kisiingie, tena huweza kuleta mayai ya minyoo. Mkimwona binti yenu akila udongo msimcheke wala msimkemee. Mpelekeni akapimwe. Na kwa kuwa nimetaja minyoo, niongeze kwamba safura wa mchangani hupenya katika nyayo tupu na kunyonya damu ndani ya utumbo, na malaria, ambayo Bungoma haijatuachia, huzivunja chembe za damu kwa maelfu. Mtu aweza kula saga kila siku na bado akapungukiwa kama halali ndani ya chandarua na hana choo kizuri. Mjamzito wa upande huu hupewa kliniki dawa ya kumkinga na malaria, asiikatae.

Juu ya kidonge cha chuma nina neno. Wengi hukiacha kwa sababu hutia kichefuchefu na hugeuza choo kuwa cheusi, wakadhani ni sumu. Weusi huo si kitu. Kimezwe usiku baada ya chakula kidogo, kwa maji, si kwa chai.

Nimesema kwamba homoni kweli huweza kuvurugika, nami nitawapa mfano ulio wa nchi yetu ya milimani. Tezi ya shingo huhitaji iodini, ambayo wengine huiita madini ya joto. Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua za karne nyingi, una iodini kidogo, na ndiyo maana zamani tulizoea kuwaona watu wazima, hasa wanawake, wakiwa na rovu shingoni. Tezi ikikosa iodini, hedhi huvurugika, mimba huharibika, na mtoto huweza kuzaliwa akiwa mzito wa akili. Kenya iliagiza kwa sheria mwaka 1978 kwamba chumvi itiwe iodini, na tangu hapo rovu limepungua sana. Tazameni basi: dawa kubwa kupita zote ya homoni katika milima yetu imo katika pakiti ya chumvi ya bei ndogo, wala hakuna anayeinadi kwa kipaza sauti. Iwekwe katika kopo lenye mfuniko, mbali na moto na unyevu, na itiwe katika mboga mwishoni. Munyu wa kienyeji, ule wa majivu ya maganda ya maharagwe, ni mzuri kwa kulainisha mrenda, lakini hauwezi kushika mahali pa chumvi yenye iodini.

Wauzaji wengine husema kwamba zipo mimea yenye homoni ya mwanamke ndani yake. Habari hiyo ina chembe ya ukweli, na yafaa tuijue sawasawa ili tusidanganywe nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, aligundua namna ya kugeuza dutu iliyomo katika viazi vikuu vya mwitu vya Meksiko kuwa homoni ya projesteroni. Mwaka 1944 iliundwa huko Meksiko kampuni ya Syntex, na kutokana na kazi yake zikatokea dawa nyingi, hata vidonge vya kupanga uzazi. Lakini kugeuza huko kulifanywa ndani ya chupa za kemia, kwa hatua kadha wa kadha. Mwili wa mwanadamu hauwezi kufanya kazi hiyo. Mtu akila kiazi hicho amekula kiazi. Akijipaka mafuta yake amejipaka mafuta. Soya, ambayo imelimwa Bungoma, ina dutu ifananayo kidogo na homoni ya kike, na huweza kupunguza kidogo lile joto la ghafula liwapatalo akina mama hedhi inapokoma. Kwao hao nawashauri zaidi uji wa wimbi, maziwa, omena, na kazi ya shamba iliyo ya kiasi, kwa ajili ya mifupa ambayo wakati huo huanza kupungua nguvu.

Sikuja kuwatukana waganga wetu. Kwinini ilitoka katika ganda la mti. Dawa ya malaria tunayoitumia leo ilitoka katika mmea wa Kichina, na Tu Youyou aliyeigundua mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kenya yenyewe iliweka sehemu juu ya tiba za asili katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Katika mlima wetu na katika Cherangani umo mti wa Prunus africana, ambao ganda lake limepelekwa Ulaya kwa ajili ya tezi ya wanaume wazee, hata biashara yake ikawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa mataifa mwaka 1995 kwa sababu ulikuwa ukiambuliwa mpaka kufa. Mti ulio na nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia. Yule asemaye kwamba dawa ya majani haina madhara yoyote, huyo hajui majani.

Tangawizi nawaruhusu kwa moyo mweupe: hupunguza kichefuchefu cha mimba na maumivu ya hedhi, na majaribio ya madaktari yameonyesha hivyo. Lakini mwarobaini na utomvu wa mshubiri mwenye mimba asivinywe. Na dawa za kuharakisha uchungu wa kuzaa, wanazopewa wanawake usiku wakiwa njiani kwenda hospitali, ni hatari kubwa, kwa maana mji wa mimba huweza kusukumwa mpaka ukapasuka, na hapo mama na mtoto huondoka pamoja. Wakunga wetu wa jadi wanaheshimiwa nami. Wajue kwamba msaada wao ulio mkubwa kuliko wote ni kumsindikiza mama kituoni mapema. Wale watumiao dawa za kupunguza makali ya UKIMWI nao wasichanganye na chupa za soko bila kumwuliza tabibu, kwa kuwa baadhi ya mimea hupunguza nguvu za dawa hizo.

Juu ya kinga ya mwili nitasema machache. Mwaka 2020, tauni ya Korona ilipoingia, limau na tangawizi vilipanda bei sokoni, na kila nyumba ikanukia kama duka la viungo. Hakuna jani liongezalo kinga kwa usiku mmoja. Kinga hujengwa kwa chakula cha namna nyingi, usingizi, chanjo, na kutokuwa na minyoo. Limau lile lile lingalifanya kazi nzuri zaidi juu ya sahani ya maharagwe.

Linabaki jambo la damu itokayo isivyo kawaida. Mwanamke alowanishaye kitambaa kizima kila saa, au atokwaye damu katikati ya mwezi, au baada ya kukutana na mumewe, au ambaye hedhi yake ilikwisha koma kisha damu ikarudi, asinywe kitu. Aende hospitali juma lile lile. Pengine ni uvimbe usio na hatari. Pengine ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikionekana mapema hutibika, na ikichelewa haitibiki. Nimewaona waliokunywa chupa mwaka mzima, na kila chupa ilikuwa "karibu kumaliza". Kujiosha ndani kwa maji ya majani hakufai. Hudhuru ngozi laini na kukaribisha maradhi. Kwa mabinti wetu kuna chanjo ya saratani hiyo, iliyoanza kutolewa na serikali mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wazee, msisikilize uvumi kwamba huua uzazi. Haiuui.

Bwana Mwenyekiti, naiomba Halmashauri ifikirie mambo mawili kabla ya kikao kijacho. La kwanza, sehemu ya mfuko wa mazishi, hata kama ni ndogo, itengwe iwe ya gari la kumpeleka mama hospitali usiku, nayo itolewe na mwenyekiti wa tawi bila kungoja sahihi tatu; mama avujaye hawezi kungoja sahihi tatu. La pili, kila mwanachama mwenye shamba akubali mbele ya tawi lake kwamba kipande kilicho karibu na jiko ni cha mboga za mama, wala hakitatiwa miwa wala mahindi, bei iwe juu namna gani.

Mbegu za saga, managu na mito zimeletwa leo na akina mama wa upande wa Bungoma. Zimo katika vibuyu, mezani karibu na mlango. Kila tawi lichukue kibuyu kimoja na kuandikisha jina kwa Katibu, na katika mkutano wa mwakani lirudishe viwili. Watu wa Kitale, kwenu baridi ni kali zaidi, kwa hiyo managu itawakubali kuliko saga. Pandeni mvua za Machi zikianza, katika udongo uliotiwa samadi iliyooza, wala msizifukie ndani sana, kwa maana mbegu zake ni ndogo kama vumbi.